Mwaka Niliowapelekea Wamarekani Nyumba Kumi

Niliwaambia wazee wa kijijini kwetu kwamba Marekani kuna wajumbe wa nyumba kumi, na kwamba kila mjumbe hupiga kura kwa niaba ya watu wa nyumba zake wao wakiwa wamekaa kwao wanakula mkate. Sikuteleza ulimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la duka la Mzee Pazi, nimeziba pua kwa vidole viwili, naiga sauti ya mtangazaji wa redio ya ng'ambo, na ndani kwa ndani nacheka mpaka mbavu zinauma. Kama kuna mpumbavu mwingine aliyewahi kuharibu uchaguzi wa chama kwa kuziba pua, ajitokeze tupeane mikono.

Nayaandika haya kwa sababu Wamarekani wameanza tena. Nipo kidato cha sita hapa Kibiti, na wiki iliyopita tulikuwa bwaloni tunapambana na maharage, ambayo mpishi wetu huyaivisha kwa maombi zaidi kuliko kuni, wakati redio yake aliyoining'iniza dirishani iliposema kwamba kule Marekani vyama vimeanza kuteua wagombea wa urais, kwamba watu wa chama kimoja wanarushiana maneno makali, kwamba waliojitokeza kupiga kura ni wachache, na kwamba bwana mmoja amejinyakulia wajumbe wengi. Kijiko changu kikasimama hewani. Wajumbe. Jirani yangu wa mezani akauliza, "Vipi, umetafuna jiwe?" Nikamwambia nimetafuna mwaka mzima. Akadhani nafanya mzaha, maana mimi hata nikisalimia watu hudhani nafanya mzaha, akanichukulia ukoko wangu wa ugali. Jioni nikamfuata mwalimu wetu wa historia nikamuuliza hao wajumbe wa Marekani ni watu gani hasa. Akanieleza kwamba ni watu wanaopelekwa kwenye mkutano mkuu wa chama kwenda kumpitisha mgombea, lakini wanapelekwa kwa kura za wananchi wa kawaida, wanaopanga foleni kwenye madarasa na kumbi kama sisi, wengine na watoto mgongoni. Mwananchi asipokwenda, kura yake haipo. Miaka yote nilijua nilisema uongo, lakini sikujua kwamba nilikuwa nimeugeuza ukweli miguu juu kichwa chini.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo kwetu delta, upande wa Salale, nikiwa na suruali ya mitumba yenye mifuko mpaka magotini na maneno mapya niliyoyaokota kwa vijana wa Dar wanaokuja kununua kamba. Vijana hao wakisema mtu "anapiga kamba" wana maana anadanganya. Nilipoleta msemo huo nyumbani Mama aliuliza, "Kamba anapigwa? Kakosa nini, na sisi tunamvua tu?" Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja cha mbele ambacho kilikuwa sebule, ghala la mpunga na ukumbi wa mikutano, vyote kwa pamoja, ukikaa vibaya kwenye mkeka punje zinakuchoma. Kila Ijumaa baada ya swala Mjomba Kassim, kaka yake Mama, alikuja kula kwetu. Alikuwa diwani wetu. Alikula wali wa Mama kwa heshima kubwa, akikusanya kila punje kwa ncha za vidole, na mimi nilipewa kazi ya kumshikia birika anawe. "Mjomba," alikuwa ananiambia, kwa kuwa kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "soma. Chama kinahitaji vichwa." Nami nikimjibu, "Kwani sasa kinatumia nini?" Mama ananifinya paja, Mjomba anacheka mpaka anakohoa. Nampenda mtu anayecheka mpaka akohoe. Ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma pande mbili.

Ijumaa moja Mama hakucheka. Wiki ile binti yake Bi Chausiku, mama mmoja wa mashamba ya mpunga ng'ambo ya mto, alishikwa na uchungu, wakampakia kwenye mtumbwi kumpeleka zahanati, maji yakatoa, yakarudi baharini, wakiwa katikati ya mikoko. Mtumbwi ukakaa kwenye tope. Huwezi kusonga mbele, huwezi kurudi, unangoja bahari ikukumbuke. Mtoto alizaliwa pale pale na hakulia. Mama alikuwemo kwenye mtumbwi ule, ndiye aliyemfunika kwa upande wa khanga yake. Basi tumekaa na wali umepakuliwa, kamba wa nazi wanafuka moshi, Mama akasema, "Kaka, boti ya zahanati iko wapi?"

"Iko kwenye mpango," Mjomba akajibu, huku anamenya kamba.

"Tangu lini?"

"Mwanaidi, mambo ya serikali yana ngazi zake."

"Haya. Basi na mimi nimo kwenye mpango. Nachukua fomu ya udiwani."

Mjomba aliweka yule kamba chini. Nilikuwa sijawahi kumwona akiacha kamba aliyekwisha kumenywa. Akasema taratibu, kama anayemwamsha mtu usingizini, "Kwa chama gani?" Mama akasema, "Kwa Chama. Hichi hichi. Chako na changu." Nadhani angesema anahamia upinzani Mjomba angefarijika, angemlilia kidogo kisha angepambana naye kama mgeni. Lakini kumkuta dada yake ndani ya kura za maoni, wote wawili na kadi za rangi moja, hilo hakulitegemea. Alinawa mwenyewe akaondoka. Ijumaa iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia, na Mama akaendelea kupika kiasi kile kile, matokeo yake mimi nikanenepa.

Kijiji kiligawanyika kwa kasi iliyonishangaza. Mpaka leo sielewi watu waliozoeana kuazimana ungo wanawezaje kugeuka ndani ya wiki moja. Ukienda kuomba kaa la moto unaulizwa kwanza, "Wewe wa kaka au wa dada?" Mimi nikijibu, "Mimi wa jirani," wananifukuza. Wa kaka walikuwa wenye maduka, wavunaji wa boriti, na wajumbe wote wa nyumba kumi, wale wazee wanaosimamia kila kundi la nyumba kwa niaba ya Chama, ambao Mjomba aliwajua kwa majina ya utotoni. Wa dada walikuwa wanawake wa mpunga na wanawake wa uduvi, na kwa hesabu ya vichwa hao walikuwa wengi kuliko wote. Kila mwenye kadi alikuwa na haki ya kupiga kura tawini. Kwa hiyo habari ilikuwa moja tu, na kila mtu aliijua: wanawake wakivuka mto siku hiyo, Mama anapita. Wasipovuka, hapiti. Wakati ule walikuwa mashambani wamehamia kwenye madungu, vile vibanda virefu vya miti ambamo mtu anakaa juu kufukuza ndege na nguruwe, na kutoka kule ni safari ya mtumbwi inayotaka maji yakiwa yamejaa.

Sasa njoo barazani kwa Mzee Pazi. Alikuwa na duka, kahawa, na redio pekee iliyoshika vizuri masafa ya mbali. Tangu mwanzo wa mwaka baraza lilikuwa linawafuata Wamarekani kama watu wanavyofuata ligi. Lililowashtua wazee si utajiri wala makombora. Lililowashtua ni kwamba watu wa chama kimoja walikuwa wanaitana waongo hadharani. "Chama kimoja?" Mzee Ngwele, mjumbe wa nyumba za pwani, alikuwa anauliza kila siku upya. "Katiba moja? Na hawanyang'anywi kadi?" Halafu wanamtazama Mjomba kwenye kona yake, kisha wanatazama kahawa zao. Siku moja, Mama ameshachukua fomu, betri za redio zilikuwa zimekufa. Mzee Pazi alikuwa amezianika juani juu ya ungo kama dagaa zipate uhai kidogo, zikatoa mkoromo mmoja na kunyamaza. Ndipo akaniona. Pale kijijini waliniita Redio kwa sababu ya kuiga watangazaji.

"Ewe Redio, wewe unatoka Kibiti kwenye umeme. Wamarekani wamefikia wapi?"

Nilikuwa najua mawili matatu niliyoyasikia shuleni, na hayo yangetosha. Lakini baraza zima lilikuwa limegeuka kunitazama, wazee wenye mvi wananisubiri mimi, na mtu asiyewahi kusubiriwa na wazee hawezi kujua utamu wake. Nikaingia nyuma ya pazia, nikaziba pua, nikaanza. Nikasema kweli kwanza: waliojitokeza kupiga kura ni wachache, wagombea wa chama kimoja wanagombana, mmoja amepata wajumbe wengi.

"Ala!" Mzee Ngwele akadakia. "Marekani kuna wajumbe?"

Ningesema sijui. Pale pale ningesema sijui, na maisha ya watu yangeendelea. "Wapo," nikasema kwa pua. "Wa nyumba kumi kumi. Nyumba za ghorofa, kwa hiyo ni watu wengi."

"Na wananchi wenyewe?"

"Wananchi wa Marekani hawasumbuki. Wanabaki majumbani mwao wanakula mkate. Kila mjumbe anazibeba kura za nyumba zake, anakwenda kuzitoa."

Baraza lilipasuka kwa kicheko. Mzee Pazi alimwaga kahawa. Nilitoka nyuma ya pazia nikainama kama msanii, nikapewa kashata ya bure. Kwenye kona Mjomba hakucheka wala hakukohoa. Alizungusha kikombe chake mara moja, akasema, "Kumbe ndiyo maana wanaojitokeza ni wachache." Na wazee wakatikisa vichwa, kwa sababu ule uchache redio yenyewe ilishausema, betri zikiwa hai. Ukweli wangu mdogo uliubeba uongo wangu mgongoni ukauvusha. Mpaka leo sijui kama Mjomba aliamini, au aliona mlango umeachwa wazi akapita bila kuuliza nani kaufungua. Nimemtazama sana usoni miaka hii na sijapata jibu.

Siku ya kura nilivaa shati jeupe la shule. Kituo kilikuwa kwenye ghala la zamani la ushirika, ambalo tangu ushirika ufe na wanunuzi waanze kujinunulia wenyewe lilikuwa makazi ya popo na harufu ya magunia. Msimamizi alikuwa kijana kutoka wilayani, suti ya Kaunda imenyooka, miguu imechafuka. Mama alikaa kwenye benchi la wagombea, Mjomba upande wa pili wa benchi hilo hilo, na katikati yao pangeweza kukaa familia. Maji yalikuwa yamejaa vizuri, yamefika mpaka kwenye mizizi ya juu ya mikoko. Mama alikuwa anatazama mto. Mitumbwi ingetakiwa kuwa inaonekana. Hakuna hata mmoja. Wanaume wa kijijini walikuja wakapiga, mmoja mmoja, wakaondoka. Mto ulikuwa mweupe, mtupu, unang'aa.

Halafu Mzee Ngwele akaingia na kofia yake ya tarabushi, akasimama mbele ya msimamizi, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa zaka, "Mimi hapa na nyumba zangu."

"Nyumba zako zipi, mzee?"

"Za pwani, na za ng'ambo wale walioko madunguni. Kura zao ninazo. Nimewapitia wote nikawaambia wasisumbuke kuvuka. Nipe karatasi zao."

Msimamizi alimtazama kama anayemtazama mtu anayeomba kuoa kwa niaba ya mwenzake. "Mzee wangu, kila mtu anajipigia. Karatasi moja, mtu mmoja."

"Wewe hujasoma?" Mzee Ngwele akakasirika kweli. "Marekani wajumbe wanabeba!" Na nyuma yake wajumbe wengine, waliokuwa wamejipanga na nyumba zao vichwani, wakaunga mkono: ndiyo, Marekani, kila mtu anajua, hata sisi tumewaambia watu wetu wabaki. Nilikuwa nimeegemea mlango, nikaanza kujibanza nyuma yake.

"Nani amewaambia habari za Marekani?" Mama akauliza. Hakupaza sauti.

Mzee Pazi, ambaye si mtu mbaya, akakuna shingo. "Bi Mwanaidi... si huyu Redio wako. Alitusomea taarifa."

Watu waligeuka wote. Nimewahi kutazamwa na watu wengi nikifanya vituko, lakini sijui kama umewahi kutazamwa na watu wengi ukiwa hufanyi kitu. Mama alinitazama mimi, akamtazama kaka yake, ambaye alikuwa anatazama popo, kisha akanirudia. Akasema, "Chukua mtumbwi."

Nilipiga kafi mpaka viganja vikachubuka. Nilipofika ng'ambo maji yalikuwa yameanza kutoa, na Bi Chausiku alikuwa juu ya dungu lake anatingisha kamba ya makopo kufukuza ndege. Nikapiga kelele toka chini: njooni, mjumbe hana kura zenu, kila mtu anajipigia, Mama anashindwa! Akachungulia. Wanawake wa madungu ya jirani nao wakachungulia.

"Leo ni taarifa ya saa ngapi, Redio?" mmoja akasema, na vicheko vikapita juu ya mpunga kutoka dungu mpaka dungu. "Ziba pua basi, tukusikie vizuri!"

Nililia. Wakacheka zaidi, wakisema kijana huyu kipaji anacho, tazama hata machozi anayatoa. Bi Chausiku peke yake ndiye aliyeacha makopo yake.

"Nani kakutuma?"

"Mama."

"Kakwambiaje?"

"Kasema chukua mtumbwi."

"Na nini tena?"

"Basi. Chukua mtumbwi tu."

Aliteremka ngazi kabla sijamaliza. "Shukeni!" akawapigia wenzake. "Mwanaidi hana hata nafasi ya kutukana. Jambo ni kweli!"

Tulivuka nusu ya njia. Nusu nyingine mto ulitukatalia, mitumbwi ikakaa kwenye tope mahali ambapo kila mwanamke aliyekuwemo alipajua, na hakuna aliyepataja. Bi Chausiku aliruka akazama mpaka kiunoni. Wengine wakafuata, khanga zimefungwa juu, kadi za Chama wamezishika kwa meno. Mimi nilivuta mtumbwi wenye vikongwe wawili waliokuwa wanasoma dua na kunisema kwa zamu. Tulipotokea kwenye ghala, sanduku lilikuwa limekwisha kufunguliwa na kuhesabiwa. Msimamizi alikuwa anakunja karatasi ya matokeo. Mjomba alikuwa amepita.

Wanawake walisimama mlangoni, weusi kwa tope kuanzia kifuani mpaka chini, maji yanatiririka kwenye sakafu ya ushirika. Hakuna aliyepiga vigelegele wala aliyezomea. Mjomba aliwatazama, na nikaona midomo yake inaanza kusema kitu kwa msimamizi, labda afungue tena, labda hapana. Msimamizi akatikisa kichwa kabla hajasikia, akasema muda umekwisha. Bi Chausiku alitoa kadi mdomoni akaishika kwa mikono miwili aichane. "Nahamia upinzani," akasema. "Leo hii."

"Usiichane," Mama akamwambia. "Hiyo ni yako. Siyo ya kaka."

Nyumbani Mama alinivua shati la shule, akaliloweka, kisha akanipakulia wali kwenye sahani ya bati na kukaa mkabala nami kwenye mkeka, fimbo ya mkoko imelala magotini pake kama mtoto. Hakula. Alisubiri nimalize, maana Mama hakuwahi kumpiga mtu mwenye njaa. Mimi nilikuwa nakula punje moja moja. Nilitaka kusema nisamehe, neno likakataa kutoka, na mahali pake, kama kawaida yangu, likatoka jingine. Nikamwambia, "Mama, kumbe ningesema Marekani wanawake peke yao ndio wanaopiga kura, ungeshinda."

Mama alinitazama. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, ikatulia. Akasimama, akakunja mkono wa gauni lake. "Ningekupiga vilevile," akasema. "Ila ningekupiga nikiwa diwani."